Sampuli ya Siku ya Kwanza

Kikaratasi kutoka kituo cha maziwa kilisema mafuta asilimia mbili nukta saba. Nilikisoma nimesimama, nikakaa, nikakisoma tena, namba ikabaki ile ile. Mtamba wangu alikuwa amezaa wiki tatu nyuma, uzao wake wa kwanza, na mimi nilikuwa nayangoja mafuta ya maziwa yake tangu yeye mwenyewe hajaingia tumboni mwa mama yake.

Mdogo wangu alichungulia juu ya bega langu. "Si nilikwambia, dada?"

"Uliniambia mengi. Hili lilikuwa la ngapi?"

"Nilikwambia chukua dume wa lita nyingi. Ukaniletea ubishi."

Mdogo wangu ndiye mpandishaji wa ng'ombe wa upande wetu huu. Watu wameacha kumwita jina lake, wanamwita Mbegu, na yeye anaitika. Ana pikipiki, na nyuma yake amefunga kwa mpira mtungi wa baridi kali. Ndani ya mtungi kuna mirija myembamba ya mbegu za madume ambao hakuna hata mmoja wetu atakayewaona kwa macho. Ng'ombe akitaka dume unapiga simu, Mbegu anakuja, anavaa glovu inayofika kwapani, anafanya kazi yake, ananawa, anaandika tarehe. Anakaa kwangu, chumba cha uani. Nilipofiwa na mume wangu alikuja kunituliza kwa wiki mbili. Huu ni mwaka wa saba.

Miaka mitatu nyuma aliniwekea mezani kitabu cha madume. Kila ukurasa una picha ya dume mmoja, mgongo umenyooka kama meza, na chini yake namba: binti zake wanatoa lita ngapi, mafuta asilimia ngapi, wanazaa kwa urahisi au kwa shida. Niliuliza maswali mpaka chai ikapoa. Inakuwaje mafuta ya binti yajulikane kwa baba ambaye yeye mwenyewe hatoi maziwa? Mbegu akanieleza kwamba wanapima binti zake wengi, mamia, ndipo wanamwandikia baba. Nikapenda hilo. Nikamchagua dume ambaye lita zake ni za kawaida lakini mafuta ya binti zake yanapita asilimia nne. Mtamba wangu huyu ni binti yake.

"Mafuta hayajazi ndoo," alisema Mbegu siku ile.

"Maji yanaijaza. Niuze maji?"

Sasa kikaratasi kilikuwa kimemtetea yeye, na alifurahi waziwazi, kama anavyofurahi mtu wa nyumba moja nawe. Akasema dume yule hatamtumia tena kwa ng'ombe wangu wala wa mtu mwingine. Kipimo kimesema, basi. Mimi lilinikaa. Kitabu kiseme nne na zaidi, maziwa yaseme mbili na kidogo. Mmoja kati yao alikuwa hasemi kweli, na nilitaka kujua ni nani.

Hayo yalikuwa Jumatatu. Jumatano, saa nne asubuhi, Mbegu akanipigia simu. Alizungumza taratibu kuliko kawaida yake.

"Dada, niletee shati. Niko hospitali, chumba cha dharura. Mimi mzima. Lete shati tu."

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, kifua wazi, suruali imeganda damu mpaka magotini. Haikuwa damu yake. Alikuwa kwenye boma moja akimpandisha ng'ombe, ameshavua glovu, anatafuta maji ya kunawa, ndipo fundi aliyekuwa akiezeka banda la jirani akateleza akaanguka pamoja na bati, na bati likampasua paja. Mbegu alivua shati akalikandamiza pale kwa mikono miwili, wakapakiwa nyuma ya gari la mwenye boma, na hakuachia mpaka wauguzi walipompokea fundi mlangoni. Fundi alikuwa anashonwa. Atapona, walisema.

"Sasa wewe unangoja nini?" nikamuuliza.

Akanionyesha kiganja. Asubuhi ile ile waya wa geti langu ulikuwa umemchana chini ya kidole gumba, mchano wa urefu wa njiti ya kiberiti, bado mbichi.

Nesi akatuita nyuma ya pazia. Alikuwa binti mdogo kwa umri, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuzoea kutiiwa. Kwanza akamuuliza Mbegu kama anataka mimi nibaki au nitoke.

"Abaki. Hata akitoka atasikiliza."

Nesi akampeleka kwenye bomba, akamwambia anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikamue kidonda, asikisugue. Wakati ananawa akamuuliza anafanya kazi gani. Mbegu akamwambia. Nesi akamtazama mikono kwa muda.

"Yaani ng'ombe unamvalia glovu mpaka kwapani, binadamu unamshika mikono mitupu."

"Ng'ombe ananipa muda wa kuvaa, dada nesi."

Nesi hakucheka, ila mdomo ulimcheza kidogo. Kisha akaeleza, na mimi nikasogeza kiti. Damu ya mtu ikiingia kwenye kidonda cha mwingine inaweza kupitisha virusi vya Ukimwi. Si kila mara, tena mara chache, lakini hakuna wa kubahatisha. Kuna dawa ya kuzuia, na ni lazima ianzwe ndani ya saa sabini na mbili. Ukianza saa hii ni bora kuliko jioni. Kidonge kimoja kila siku, siku ishirini na nane, bila kuruka.

"Na yule fundi?" nikauliza. "Yeye damu yake ikoje?"

"Mama, hilo ni lake yeye."

"Nauliza ili tujue."

"Najua kwa nini unauliza. Ndiyo maana hatukai kungoja ya fundi. Tunamkinga huyu aliye hapa."

Nikarudi nyuma na swali langu. Sijui damu ya fundi mpaka leo, na nimejifunza kukaa bila kuijua.

Akamtoboa Mbegu kidole, akaweka tone kwenye kipimo kidogo, tukangoja. Ukatokea mstari mmoja. Akaandika kwenye karatasi: hasi. Akampa kichupa chenye vidonge ishirini na nane, akamwambia ameze cha kwanza pale pale mbele yake. Arudi kupima baada ya wiki sita, halafu baada ya miezi mitatu. Na mpaka kipimo hicho cha mwisho, kama ana mwenzi, watumie kondomu. Mbegu akaangalia dari. Mimi nikaangalia viatu vyangu.

Kwa sababu mwenzi alikuwepo. Mwezi uliotangulia Mbegu alikuwa amemposa mpimaji wa kituo cha maziwa, mwanamke mwenye koti jeupe na maneno ya papo kwa papo, na ndoa ilikuwa imebakiza wiki sita. Nilikuwa nimeisalia posa ile muda mrefu. Mdogo wangu ana miaka arobaini na moja na alishaanza kusema ng'ombe wanamtosha.

"Utamwambia?" nikamuuliza njiani.

"Nitamwambia."

Lini, hakusema.

Kichupa alikiweka jikoni kwangu, rafu ya juu, karibu na kopo la sukari, ili akimeze kidonge na chai. Siku za kwanza alimeza. Siku ya tatu alianza kichefuchefu, siku ya sita akatapika chakula chote alichokula. Alikonda usoni. Kila asubuhi alipoondoka nilikishusha kichupa nikahesabu vilivyobaki, kama ninavyohesabu vifaranga jioni. Simhesabii mtu kwa kutomwamini. Nahesabu ili nilale.

Lile jambo la mafuta nalo lilikuwa bado linanikereketa. Ijumaa ya wiki iliyofuata nikafunga safari mpaka kituo cha maziwa, saa ambayo foleni ya makopo imekwisha. Mpimaji alikuwa anasuuza chupa zake.

"Karibu, wifi. Umekuja kunikagua kabla hujanikabidhi kaka?"

"Nimekuja kukuuliza kuhusu mbili nukta saba."

"Kumbe si kwa ajili yangu." Akavuta stuli. "Uliza."

Nikamwambia nataka kuona kwa macho. Akanionyesha. Anamimina tindikali kwenye kichupa cha shingo ndefu yenye mistari, anaongeza maziwa taratibu yasivurugike, na dawa nyingine kidogo, anaziba, anatikisa. Maziwa yakawa ya rangi ya kahawa, na kichupa kikapata moto chenyewe bila kukaribia jiko. Akakitia kwenye mashine inayozungusha, akakitoa, akakizamisha kwenye maji ya moto. Alipokiinua dirishani, kwenye ile shingo kulikuwa na kipande cha mafuta safi, ya manjano, kimesimama peke yake juu ya uchafu wote. Unasoma kilipoanzia na kilipoishia. Nilikitazama mpaka akaniuliza kama nataka kukinunulia fremu.

"Haya sasa, ya kwako," akasema. "Uliyachota wapi?"

"Kwa mtamba wangu, wapi tena."

"Najua ni mtamba wako. Mwanzo wa kukamua, katikati, au mwisho?"

"Mwanzo. Michirizi ya kwanza kabisa, kabla sijaweka ndoo."

"Kwa nini mwanzo?"

Nikaona aibu kidogo, lakini aliuliza vizuri. Nikamwambia kweli. Ng'ombe alikuwa amezaa mara ya kwanza, na nilikuwa nimemwombea. Nikaona kipimo kipewe kilicho cha kwanza, kama malimbuko. Kupeleka ya katikati ya ndoo ilikuwa kama kupeleka makombo.

Mpimaji akaweka chupa chini ili acheke vizuri. "Wifi, Mungu mpe cha kwanza. Mimi nipe kilichochanganywa. Maziwa ya mwanzo ni mepesi, mafuta hukaa nyuma kiweleni, yanatoka mwishoni. Wewe ulileta mlango ukasema ni nyumba. Kamua mpaka tone la mwisho, ya asubuhi na ya jioni, koroga, ndipo uchote."

"Kwa hiyo kipimo chako hakikusema uongo."

"Kilisema kweli ya kile ulichokiletea."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikawa nayazungusha njia nzima. Jioni ile nilikamua mpaka chuchu zikalegea, nikatunza kiasi. Jumamosi asubuhi vivyo hivyo, nikakoroga, nikachota kwenye chupa. Mbegu alikunywa chai akatoka kwenda kuosha pikipiki uani. Nikashusha kichupa cha vidonge; jana yake, kwa haraka ya safari, sikuwa nimehesabu.

Kumi na tisa.

Ilikuwa siku ya kumi na moja. Vilipaswa kuwa kumi na saba. Nikavimwaga mezani, nikahesabu kwa kidole. Kumi na tisa. Nikatoka navyo nje.

"Hujameza jana. Na leo hujameza."

Hakuacha kusugua tairi. "Nimeacha."

"Nani kakwambia uache?"

"Nilipima, dada. Wewe ulikuwepo. Karatasi imeandikwa hasi. Mtu mzima asiye na kitu anajitapisha kila siku kwa sababu gani? Na ndoa ni hiyo hapo. Nikae na kichupa cha vidonge hivi, mwenzangu akikiona nimwambie nini? Mambo yaliisha siku ile ile. Tuyaache."

Kwa hiyo lilikuwa hilo. Alitaka ile karatasi iseme alichotaka kusikia, na ilikuwa imesema. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilihisi hofu, na hofu ikinishika huwa nauliza.

"Mbegu, ukimpandisha ng'ombe wa mtu leo, kesho akakupigia simu uje umpime mimba. Utakwenda?"

"Nitakwenda kumcheka."

"Kwa nini?"

"Dada, acha."

"Nauliza. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia asinipotezee mafuta ya pikipiki. Kesho hakuna cha kushika mle. Mpaka miezi miwili, mitatu, ndipo mkono wangu unajua."

"Kwa hiyo kesho yake ukiingiza mkono, ukakuta hamna kitu, ng'ombe hana mimba?"

"Siwezi kusema hana. Siwezi kusema..."

Kitambaa kikabaki kwenye tairi, maji yanachuruzika kwenye kiatu chake na hakusogeza mguu.

"Mimi sijui mambo ya damu," nikamwambia. "Jana nimejifunza hata maziwa nilikuwa siyajui. Nilipeleka ya mwanzo, wewe ukamhukumu dume. Huenda nimekosea na hapa pia. Twende tukamuulize nesi. Akisema umeacha sawasawa, nitakuomba msamaha mbele yake."

"Na akisema nimeharibu?"

"Basi ndiyo tuharakishe zaidi."

Akaenda kuvaa. Njia nzima niliomba kimoyomoyo, nimeshika kichupa kwa mikono miwili nyuma ya pikipiki.

Chumba cha dharura kilikuwa kimejaa. Tulimngoja nesi yule yule amfunge mtoto mkono uliovunjika, kisha alipotuona akaja akatusogeza pembeni. Mbegu alieleza mwenyewe, hakuficha. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umeruka ya jana. Ya leo siku haijaisha. Ngoja."

Akaingia kumuuliza daktari wa zamu. Alikaa dakika chache. Kwangu zilikuwa nyingi. Akarudi na kikombe cha maji.

"Meza ya leo sasa hivi. Moja, usifidie ya jana kwa kumeza mbili. Unaendelea mpaka kichupa kiishe. Ungekaa siku kadhaa tungekuwa na mazungumzo mengine, na nisingeyapenda."

Mbegu akameza.

"Ile hasi ya siku ya kwanza," nesi akamwambia, "ilikuwa ya kujua umekuja ukiwa na hali gani. Kama kitu kiliingia siku ile, kipimo hakiwezi kukiona mapema hivyo. Nilikueleza, au ulikuwa unaangalia dari?"

"Nilikuwa naangalia dari."

"Na tumbo?"

"Natapika."

"Unameza na chai tupu?"

Tukatazamana. Ilikuwa chai tupu. Akamwambia ameze baada ya chakula cha kushiba, akampa na dawa ya kutuliza kichefuchefu, akasema siku nyingine likimshinda jambo aje aulize kabla ya kuamua. Nilitaka kujua virusi vinajifichaje na dawa inavizuiaje, nikauliza, na nesi akanichorea nyuma ya bahasha: kuta, mlango, kitu kinachotaka kuingia na kujizalisha, na dawa inayokizuia kisizaliane mpaka kife. Bahasha ile nimeitunza kwenye kitabu changu cha nyimbo.

Kutoka pale tulipitia kituo cha maziwa, maana chupa ya mtamba ilikuwa kwenye mfuko wangu. Mpimaji akaipokea, akaanza kazi. Mbegu alisimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi.

"Nina neno," akasema.

"Sema. Mikono ndiyo ina kazi, masikio yapo."

Akasema yote, kuanzia bati mpaka kidonge cha asubuhi ile. Mimi sikutoka, na wala hawakuniambia nitoke. Mashine ilizunguka ikasimama, na mpimaji hakuifungua.

"Siku kumi na moja," akasema mwishoni. "Umenikalia siku kumi na moja na jambo hili."

"Ndiyo."

"Unadhani ningekukimbia kwa sababu umemshika mtu anayekufa?"

"Sikujua."

"Ungepima basi." Akafuta mikono kwenye koti. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti haikutikisika. "Ndoa itangoja mpaka hicho kipimo cha mwisho. Nitawaambia watu wangu kwamba mimi ndiye sijawa tayari. Na kila asubuhi utanipigia ukiwa umeshameza. Si ujumbe. Sauti."

"Sawa."

"Ukiniongopea nitajua. Kazi yangu ni kujua aliyetia maji."

Ndipo akafungua mashine. Nne nukta tatu. Akaniandikia kikaratasi, nami nikakikunja nikakitia mfukoni, kwa kuwa haikuwa saa ya kushangilia maziwa.

Vidonge vikaisha siku moja nyuma ya tarehe. Wiki sita zikafika: hasi. Nesi akatuonya tusishangilie bado. Mbegu akarudi kwenye ng'ombe zake, na nikasikia kwa watu kwamba sasa mwenye ng'ombe akimuuliza jambo hamkatishi. Usiku sikumuuliza anawaza nini; niliona taa ya chumba cha uani inawahi kuzimwa au inachelewa, nikajua.

Miezi mitatu ilipotimia tulikwenda watu watatu. Mpimaji alikuja na koti lake la kazi, amepewa ruhusa ya saa moja. Nyuma ya pazia mlikuwa na kitanda kimoja na stuli moja. Nesi akatoboa kidole, akaweka tone, akatazama saa ya ukutani.

"Ule mstari wa kwanza unaotokea ni wa nini?" nikauliza, kwa sababu ukimya ulikuwa unanizidi.

"Unasema kipimo chenyewe kizima. Usipotokea huo, hakuna tunachosoma."

Ukatokea huo. Tukangoja wa pili. Mpimaji, aliyesoma mistari maisha yake yote ya kazi, aliinama karibu kuliko nesi. Dakika zikatimia, nesi akaongeza mbili za kwake, akainua kile kipande kwenye mwanga.

"Hasi. Na hii ndiyo ya mwisho. Umemaliza."

Mbegu akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Lakini hakuinuka.

"Twende basi," mpimaji akamwambia. "Ruhusa yangu inaisha."

"Miguu," akasema. "Imegoma."

Mpimaji akakaa kwenye kitanda karibu naye. Nesi akatutazama, akatazama foleni iliyoonekana pembeni ya pazia, akasema kitanda kile anakihitaji, ila dakika tano anaweza kupoteza. Akatoka. Nami nikatoka, nikavuta pazia mpaka likafunga.

Wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Nikasogea mpaka mwisho wa benchi, ambako maneno hayafiki, nikakaa huko.